Mashine Iliyozibwa Mdomo

Mama mkwe wangu hajui mpaka leo mwanawe anafanya kazi gani. Majirani wakimwuliza, husema, "Anatengeneza kompyuta," basi tunaletewa pasi zilizoungua, redio zilizokata sauti, na safari moja feni ya dari iliyokuja na utando wake wa buibui. Mke wangu hucheka, huipokea, halafu huniletea mimi karakanani, kana kwamba fundi makochi aliumbwa kwa ajili ya feni.

Kazi yake yenyewe si kutengeneza kitu, ni kutazama. Zile mashine kubwa za maofisini wanazoziita seva zikiingiliwa na mwizi, yeye huitwa kabla hazijazimwa. Mwizi mwerevu haachi kitu kwenye diski. Hujificha ndani ya kumbukumbu ya mashine, ile ambayo umeme ukikatika hupotea yote, na humo ndimo hufanya uharibifu wake. Mke wangu huinakili kumbukumbu nzima kama ilivyo, akaenda nayo ofisini kuipekua programu moja moja. Aliwahi kuniambia ni kama kumkuta mtu amenyanyua kijiko, hakijafika mdomoni, ukamwambia asitikisike, ukaanza kumpekua mifuko. Hapo nilielewa, na tangu siku hiyo sikumwuliza tena, maana maelezo yake mengine huniacha nikiitikia tu kama mtu aliyealikwa kwenye harusi asiyoijua.

Nyumbani tulimwita Bi Hakika. Jina nilimpa mimi, kwa sababu hakuna mlango anaoufunga bila kurudi kuutikisa, na kwa sababu neno "nina hakika" hulitoa kwa shida, ila akilitoa ubishi umekwisha. Jina likamfuata hadi kazini. Bosi wake akawa anamtambulisha kwa wateja hivyo hivyo, "Huyu ndiye Bi Hakika wetu," naye hutazama chini akitabasamu. Alilipenda jina lile. Sasa hakuna anayelitamka nyumbani kwetu.

Ofisi yao ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi harufu ya tina ya kuyeyushia rangi inakutangulia, na mezani kwake kuna kompyuta mbili, taa ya kukunja, na kikombe kisicho na mkono anachowekea kalamu. Hapo ndipo ilipoanza aibu yetu, na ilianza kwa jambo dogo kiasi kwamba hata kulisimulia naona haya.

Programu anayoitumia kupekulia ni mlalamishi wa kuzaliwa. Mashine nyingi anazozichunguza huendeshwa na mfumo uitwao Linux, na Linux ina kiini chake, na kila toleo la kiini hupanga kumbukumbu kwa mtindo wake. Kwa hiyo programu ya kupekua lazima iwe na ramani ya toleo lile lile. Ramani ikipishana hata kidogo, programu huanza kumwaga maandishi mekundu: hapa sioni, hapa sielewi, hapa pamekosekana. Mengine ni ya maana, mengi ni kelele tu. Sasa siku moja mteja mmoja, mama mzito wa kampuni ya bima, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akitazama kazi, mara kioo kikajaa wekundu.

"Binti," akasema yule mama, "mbona chombo chako kinakugombeza?"

Wakacheka chumba kizima. Bosi alicheka pia, lakini mteja alipoondoka alimwita mke wangu pembeni. "Sisi hapa tunauza imani," akamwambia. "Mgonjwa hataki kumwona daktari akibishana na kipimajoto. Fanya utakavyofanya, mimi nisione tena ule wekundu mbele ya watu."

Akafanya. Linux ina shimo lake maalumu, ukitupa kitu humo hakirudi wala hakiachi alama. Mke wangu aliandika amri fupi ya kuendesha ile programu na kuyatupa malalamiko yake yote shimoni. Kuanzia siku hiyo kioo kilitoka safi, majibu tu, yamejipanga kama askari wa gwaride. Bosi alifurahi. Wateja walifurahi. Nami sina ubavu wa kumcheka, kwa sababu kochi linalolia ukiliongezea sponji hunyamaza, mteja akalibeba kwa furaha na springi yake iliyovunjika mlemle. Nimeshafanya. Tofauti ni kwamba kochi langu halikumharibia mtu jina.

Sasa nimlete mdogo wangu wa kike. Huyu tangu utoto tunamwita Chiriku, kwa mdomo. Akiamka anaongea, akila anaongea, akiwa peke yake jikoni utadhani kuna wageni. Alisomea kompyuta kama wifi yake, akapata kazi kampuni ya maji, yeye ndiye mtunzaji wa seva yao yenye majina ya wateja, namba zao za simu na namba za mita. Yeye na mke wangu walipendana sana. Wakikutana mezani huongea lugha yao ya vyuma, mimi na mama yangu mzazi tunabaki kutazamana.

Kisha watu wakaanza kupigiwa simu. Mpigaji anakujua jina lako, anajua namba ya mita yako, anakwambia maji yanakatwa saa hii usipotuma malipo namba fulani. Wengi walituma. Mmoja wao alikuwa jirani wa mama, ajuza anayeishi ukuta kwa ukuta naye, mtu wa kuazimana chumvi miaka yote. Kampuni ilipochunguza ikakuta orodha ya wateja inatoka ndani ya seva, na kila inapotoka inatoka kwa jina la Chiriku.

"Si mimi," alisema Chiriku. "Kuna kitu ndani ya seva kinachotumia jina langu. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, tazameni ndani!" Alilisema ofisini, akalisema kwa mama, akalisema barabarani. Alilisema sana, na nadhani hapo ndipo alipoponzwa na tabia yake, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kumsikia akisema sana.

Kampuni ikaajiri ofisi ya mke wangu itazame ndani.

Mke wangu hakuficha. Alimwambia bosi siku ile ile, "Yule ni wifi yangu. Mpe mtu mwingine." Lakini mtu mwingine hakuwepo, kazi ya kumbukumbu pale anaijua yeye peke yake. Kampuni ya maji ikaulizwa, ikasema haina neno, ila matokeo yawe matokeo. Basi akaenda, akanakili kumbukumbu ya seva, akarudi nayo juu ya duka la rangi. Akaiagiza programu yake: nionyeshe ndani ya kila programu inayoendeshwa, kama kuna kipande cha kumbukumbu chenye maagizo ya kutekelezwa ambacho hakikutoka kwenye faili yoyote halali. Huko ndiko wadudu wanakojificha.

Jibu lilikuja. Kichwa cha jedwali juu, na chini yake peupe.

Peupe kwa agizo lile si ajabu. Mashine salama hujibu hivyo hivyo. Kwa mteja mwingine yeyote mke wangu angezunguka mara ya pili, angeuliza kwa njia nyingine, angeutikisa mlango kama kawaida yake. Safari hii hakuutikisa. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya. Aliogopa kwamba akitazama mara mbili itaonekana anamtafutia ndugu yake mlango wa kutorokea. Akaandika kwamba hakuna dalili ya programu ngeni katika kumbukumbu ya seva. Chiriku akasimamishwa kazi, akisubiri kikao cha mwisho.

Alikuja kwetu mchana wa Jumapili. Hata viatu hakuvua. "Wifi," akasema, "nakuomba, tazama tena."

"Nimetazama."

"Tazama tena, wifi yangu. Mimi naijua ile mashine. Saa nyingine inahema kama mtu anayekimbia na hakuna kazi tuliyoipa. Nilisema ofisini, nasema hapa, nikuapie kwa nini?"

"Nikitazama tena kwa sababu ni wewe, hata jibu langu la kwanza litakuwa halina thamani," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo iliyozidisha ubaya. "Wifi, mimi nina hakika."

Mama alikuwa ametutembelea, amekaa kwenye kochi nililolitengeneza mwenyewe. Akamshika Chiriku mkono. "Nyamaza mwanangu," akasema. "Mwenzio anajua kazi yake. Kama kuna mahali uliteleza, sema tu, sisi ni nduguzo."

Chiriku alimtazama mama, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. Kisha akanyamaza. Namaanisha alinyamaza kweli, na wiki zilizofuata hakuna aliyemsikia. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, alirudi kulala kwa mama, akawa anaosha vyombo, anafagia uwanja, anaitikia "ndiyo" na "hapana". Yule ajuza wa ukuta kwa ukuta aliacha kumsalimia mama. Mtaani walisema lisemwalo lipo. Mama akawa anafungua dirisha nusu. Niliona aibu kupita mtaa ule kwa sababu ya dada yangu, na sasa naona aibu kwamba niliiona.

Kikao cha Chiriku kilikuwa kimeshapangwa mke wangu alipoletewa seva nyingine, ya kiwanda cha magodoro, haihusiani kabisa na maji. Akaipekua kama kawaida. Safari hii alitaka jambo la kawaida tu, aone ramani ya kumbukumbu ya programu moja ya kila siku, ile inayopokea watu wanaoingia kwenye mashine kutoka mbali. Akauliza. Likaja jibu: kichwa cha jedwali juu, peupe chini.

Akadhani amekosea jina. Akauliza programu nyingine, peupe. Akauliza zote, peupe. Hapo, anasema, ndipo alipoacha kuuliza. Programu inayoendeshwa bila kipande hata kimoja cha kumbukumbu haiwezekani, ni sawa na kuambiwa mtu anatembea sokoni lakini hana mwili. Mashine haikuwa safi wala chafu. Programu yake haikuwa inaona kitu.

Akaifuta ile amri yake fupi. Akaiendesha programu bila kuiziba.

Wekundu ulimwagika ukajaza kioo, ukapanda, ukaendelea kupanda. Na ulikuwa unasema jambo moja kwa kila programu. Zamani kiini cha Linux kilikuwa kikivifunga vipande vya kumbukumbu kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Ukishika ya kwanza unafika ya mwisho. Matoleo mapya yameacha uzi, yanavipanga kwa matawi. Programu yake ilikuwa ya zamani. Ilikwenda ikautafuta uzi, ikaukosa, ikalalamika, ikapita kwenye programu inayofuata, ikalalamika tena. Ilikuwa inapiga kelele muda wote kwamba haioni. Kelele hizo alizitupa shimoni mwenyewe, ili wateja wasicheke.

Alichungulia toleo la kiini cha seva ya kampuni ya maji. Lilikuwa jipya.

Alikuja karakanani mchana kweupe, nimepiga magoti nagongea misumari kitambaa cha kiti. Akakaa kwenye fremu isiyo na sponji, juu ya springi tupu, hata hakuhisi. "Nimemtosa wifi yangu," akasema. Nikadhani kuna ajali. Akanieleza yote, shanga, matawi, shimo, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno, na nikatamani nisingeelewa. Sikujua nimshike au nimfokee. Nilibaki na nyundo mkononi.

"Labda kweli hakuna kitu mle ndani," nikasema.

"Labda," akasema. "Sijui. Hicho ndicho nilichotakiwa kuandika. Kwamba sijui."

Alirudi kazini akaanza upya. Nakala ya kumbukumbu ya seva ile ilikuwa bado imefungiwa kabatini. Alichukua toleo jipya la programu, linalojua mpango wa matawi, nalo likagoma: halina ramani ya kiini kile. Akatengeneza ramani kwa kutumia kiini alichokikuta kwenye diski ya seva, likagoma tena. Kumbe kampuni walikuwa wameshaweka kiini kipya zaidi kwenye diski, ila hawajaizima na kuiwasha mashine, kwa hiyo kilichokuwa kinaendeshwa ni kile cha kabla yake. Ikabidi aisome kumbukumbu yenyewe, atafute mle ndani kiini kilipojitaja jina na toleo, akatafute ramani ya hilo hilo hasa. Wekundu ulipotoka aliusoma mstari kwa mstari, hakuruka. Na programu ilipokubali, kwanza aliiuliza mambo ambayo majibu yake anayajua. Ilipojibu sawasawa ndipo akaipa lile agizo la mwanzo.

Kilikuwepo. Ndani ya programu ndogo ya kupanga saa, ambayo hakuna anayeitilia shaka, kulikuwa na kipande chenye maagizo ya kutekelezwa kisicho na faili nyuma yake. Na ndani ya kipande hicho, kwa herufi unazoweza kuzisoma hata wewe, kulikuwa na jina la Chiriku na neno lake la siri, limekwapuliwa, linatumika.

Bosi alielezwa. Kisha akapata wazo, maana yule bwana hakosi wazo. "Hatusemi uongo," akamwambia. "Tunasema teknolojia imekua, tumepata zana mpya, zana mpya imeona ambacho ya zamani haikuona. Wifi yako anasafishika, ofisi inasafishika, na wewe unabaki Bi Hakika."

Siku ya kikao ikafika. Walikwenda pamoja kwenye kikao, chumba kirefu chenye viti vya ngozi ya bandia iliyopasuka, hili alinieleza kwa sababu anajua nitauliza. Chiriku alikuwa amekaa mwisho wa meza na mikono mapajani. Bosi akasimama, akaanza, teknolojia inakwenda kasi ndugu zangu, tumepata zana mpya.

"Ya zamani pia ilisema," mke wangu akamkatiza. "Ilisema kwamba haioni. Nilikuwa nimeiziba mdomo mimi, kwa sababu niliona aibu kulalamikiwa mbele ya watu. Halafu nikaandika kwamba hakuna kitu, na niliogopa kutazama mara mbili kwa sababu huyu ni wifi yangu. Hakuwahi kusema uongo hata siku moja. Alisema, nami sikumsikiliza."

Anasema alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ikabaki sakafu. Mtu mmoja alikohoa. Mwenyekiti akauliza kama wanaweza kuisafisha seva, akajibiwa ndiyo, wakaendelea na mambo ya seva. Chiriku akarudishiwa kazi yake. Kampuni ya maji ikatafuta ofisi nyingine ya kuwachunguzia mambo yao, na bosi sasa humtambulisha mke wangu kwa wateja kama "mwenzetu". Kioo chake kina wekundu kila siku. Mteja akiuliza kwa nini chombo kinamgombeza, humwambia, "Subiri kwanza nisome kinasema nini."

Jumapili iliyofuata kikao tulikwenda kwa mama. Ajuza wa jirani alikuwa ameshaanza kusalimia, kwa sauti ya juu kuliko zamani, kama watu wafanyavyo wakitaka jambo lipite. Dirisha la mama lilikuwa wazi lote. Mke wangu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Mimi nilijua anachokiomba, Chiriku afungue ule mdomo wake, ammwagie yote, amwite kila jina, kisha walie, kisha waongee lugha yao ya vyuma.

Chiriku alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Akatukaribisha vizuri. Akasogeza rundo la nguo ili wifi yake apate pa kukaa. Mke wangu hakukaa, alipiga magoti pale chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Wifi," akasema. "Nigombeze. Nitukane, nifukuze, chochote. Lakini usikae kimya hivi. Sema."

Chiriku alichukua shuka la mama, akampa wifi yake ncha mbili, akashika nyingine mbili mwenyewe. Wakalinyoosha kati yao.

"Nilishasema, wifi," akamwambia. "Siku ile nilisema."

Wakalikunja shuka, pande kwa pande, mpaka mikono yao ikakutana, kisha Chiriku akaliweka juu ya mengine na kuchukua lililofuata.